Daftari la Pili

Walikuja watatu, Aprili 2013, masika yakiwa yameushika mlima tangu alfajiri. Vijana wawili wa kiume na binti mmoja. Viatu wamevishika mkononi kwa ajili ya tope la njia yetu ya Kibosho, na mkoba wa karatasi wameufunika kwa jani la mgomba. Binti ndiye aliyepiga hodi.

"Shikamoo, mzee wetu. Tumeambiwa wewe ndiye uliyekuwa karani wa masjala."

"Marahaba. Ndiye. Ila masjala yenyewe sikuondoka nayo."

Wakacheka, wakaingia, wakaketi. Mke wangu akaleta kahawa. Kabla haijapoa wakaeleza shida yao: walitaka kufungua chuo cha homeopathi Moshi mjini. Mwalimu walikuwa naye, vyumba vitatu wameshapanga, na wanafunzi kumi na mmoja wameshalipia fomu. Walichokosa, walisema, ni mtu wa makaratasi.

Watu wengi huyaona makaratasi kama rangi ya ukutani: nyumba ikishaezekwa ndipo unatafuta fundi rangi. Mimi nimekaa masjala miaka 27, katika chuo kimoja cha afya kwenye miteremko hii ambacho sitakitaja. Ukiniuliza chuo ni nini, sitakuonyesha jengo wala mwalimu. Nitakuonyesha kabati la chuma lenye kufuli mbili, na humo ndani daftari la mahudhurio, daftari la alama na daftari la ada. Majengo tulihama mara mbili. Wakuu wa chuo walipita wanne. Kabati lilibaki lile lile.

Nikawaomba kwanza wanieleze wanachofundisha, maana karani asiyejua anachosajili ni mpiga muhuri tu. Binti akaeleza vizuri. Kitu kinachomletea mtu mzima dalili fulani, akasema, kikipunguzwa sana humponya mgonjwa mwenye dalili hizo hizo.

"Yaani dawa ya moto ni moto," nikamwambia.

Uso ukamng'aa. "Hasa, mzee! Sijawahi kuisikia ikisemwa kwa ufupi namna hiyo."

Asili ya jambo hilo inatuhusu kuliko tunavyodhani, kwa sababu lilianza na kwinini. Mwaka 1790 daktari Mjerumani, Samuel Hahnemann, alikuwa akitafsiri kitabu cha dawa cha Mskoti William Cullen. Hakuridhika na maelezo yake ya jinsi gome la mkwinini linavyotibu homa. Akalila lile gome mwenyewe akiwa mzima, akajihisi baridi, mapigo ya moyo mbio, viungo kulegea, kama mtu mwenye homa ya vipindi. Hapo akapata wazo lake, na mwaka 1810 akachapa kitabu chake kikuu, Organon. Sisi wa mlimani kwinini tunaijua. Malaria ilikuwa ugonjwa wa tambarare. Aliyeshuka kulima mahindi huko chini alirudi anatetemeka, na ule uchungu ukamkaa ulimini siku nzima. Wajerumani walipofungua taasisi yao ya utafiti Amani, Usambara, mwaka 1902, mikwinini ilikuwa miongoni mwa miti waliyoipanda. Sikumbuki mtu yeyote aliyemezeshwa kwinini akiwa mzima akapata homa. Lakini mimi si daktari, na hilo nililiweka pembeni.

Jingine ni la mji. Hahnemann alifundisha Chuo Kikuu cha Leipzig kuanzia 1812, akaondoka 1821 baada ya wauza dawa kumwandama kwa kujitengenezea dawa zake mwenyewe. Ni Leipzig hiyo hiyo ambayo misheni yake ilipanda Machame mwaka 1893, na kutoka kwake wazee wetu wakapata shule, kanisa la Kilutheri, na baadaye hospitali. Mji mmoja ulitoa imani mbili. Moja ilitufikia na wamisionari. Nyingine ilizunguka kupitia Marekani na India kabla ya kubisha hodi kwangu na jani la mgomba.

Vijana walidhani nitawacheka. Sikuwacheka, na sababu yangu iko katika daftari. Mwaka 1854 kipindupindu kiliipiga London. Katika hospitali ya homeopathi ya mji huo walikufa wagonjwa kama 16 katika kila 100. Hospitali ya Middlesex, iliyofuata tiba ya kawaida ya wakati ule, walikufa zaidi ya nusu. Taarifa ya serikali ilipoandikwa, hesabu za hospitali ile ya homeopathi ziliachwa nje. Ikabidi Bunge lizidai ndipo zikatolewa. Leo tunajua kwa nini waliokufa huko walikuwa wachache. Tiba ya kawaida ilikuwa ya kumtoa mgonjwa damu na kumnywesha dawa yenye zebaki. Vidonge vya sukari havikumponya mtu, ila havikumuua, na mgonjwa aliyeachwa alale na anywe maji alikuwa na nafasi. Mimi, kama karani, nililishika jambo moja hapo: wenye chuo na vyeti ndio walioficha daftari.

Kwa hiyo nilimwambia yule kijana mrefu, aliyekuwa anajiandaa kubishana, kwamba sina ugomvi na mwalimu wake. Nilikuwa na swali moja tu, nalo nikaliuliza kwa kahawa.

Nilichukua jagi na kijiko. Kijiko kimoja cha kahawa nyeusi, ya shamba langu mwenyewe, vijiko 99 vya maji. Maji yakawa na rangi ya majani makavu. Nikakoroga, nikachota kijiko kimoja cha hayo nikatia katika jagi la pili, vijiko 99 vya maji. Rangi haikuonekana tena. Jagi la tatu mke wangu akakataa kulitoa, akasema lina maziwa.

"Dawa yenu mnaipunguza namna hii mara ngapi?"

"Mara nyingi ni 30," binti akajibu. Hakudanganya, na nilimheshimu kwa hilo.

Mara 30 ni sehemu moja katika idadi inayoandikwa kwa 1 na sifuri 60 nyuma yake. Kufikia mara ya 12 tu, wakemia wanasema, ni bahati kukuta hata chembe moja ya kitu ulichoanza nacho. Ni kama kudondosha tone la kahawa kwenye kijito kinachotoka msituni kisha ukasubiri kuionja kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Hata mfano huo ni mdogo mno. Kijana mrefu alinijibu kama wanavyojibu wenzake duniani kote: wakati wa kupunguza, dawa hutikiswa kwa nguvu, na maji hukumbuka.

"Basi," nikasema, "kama maji yanakumbuka, na sisi tukumbuke. Kwa kuandika."

Hapo ndipo nilipowasimulia habari ya vyuo vyenyewe. Mwaka 1835 Mjerumani Constantine Hering na wenzake walifungua akademia ya homeopathi huko Allentown, Pennsylvania, na masomo yalitolewa kwa Kijerumani. Hering huyo alisoma Leipzig. Alipewa kazi ya kuandika kitabu cha kuipinga homeopathi, na katika kuipinga akaongoka. Akademia yake haikuangushwa na wapinzani. Mfuko wake ulipotelea benki, na ndani ya miaka michache milango ikafungwa. Mwaka 1848 Hering na wenzake wakaanza tena, safari hii Philadelphia, na chuo hicho baadaye kikaitwa kwa jina la Hahnemann. Kilishika. Kufikia 1900 Marekani ilikuwa na vyuo 22 vya homeopathi, vyenye hospitali, wahadhiri na majoho. Chuo cha udaktari cha Boston University kilianza 1873 kikiwa cha homeopathi. New York Medical College nacho kina asili hiyo.

Kisha akaja Abraham Flexner. Hakuwa daktari, alikuwa mwalimu wa shule. Alitumwa na taasisi ya Carnegie, akatembelea vyuo vya udaktari 155 vya Marekani na Kanada, na mwaka 1910 akachapa ripoti. Nimeisoma habari ya maswali yake nikajikuta natabasamu, maana ni maswali ya karani. Mwanafunzi anaingia kwa sifa gani? Walimu ni wangapi, na wana mafunzo gani? Ada inakwenda wapi? Maabara iko wapi, au ni mlango uliofungwa wenye kibao cha maabara? Hospitali ipo, na mwanafunzi anaruhusiwa kumgusa mgonjwa? Vyuo vya homeopathi alivyovikuta vilikuwa vimeshashuka hadi 15. Alivikosoa pamoja na vya tiba ya kawaida, na kwa vya homeopathi aliongeza hoja moja nzito: huwezi kumfundisha mtu miaka miwili ashuku na apime, kisha miaka miwili inayofuata ukamwambia aamini. Vyuo vikabaki na njia mbili, kufa au kubadilika. Kile cha Philadelphia kilibadilika. Kufikia katikati ya karne ya 20 homeopathi ilikuwa imetoka katika masomo yake, jina la Hahnemann likabaki mlangoni.

Ufagio wa Flexner haukuchagua taka peke yake. Katika vyuo saba vya udaktari vya Wamarekani weusi, vilivyosalia baada ya ripoti ile ni viwili, Howard na Meharry. Watu wengi wa kijijini na weusi wakakosa daktari kwa jina la ubora. Hilo tunalijua vizuri huku. Kama hapa Kilimanjaro tungengoja daktari mwenye digrii kwa kila mgonjwa, tungekuwa bado tunangoja. Moshi ulikuwa mji wa vyuo vya afya kwa sababu walioviweka walikubali kufundisha watu wa kati. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Longuo mwaka 1971. Mwaka 1981 kikaanza chuo cha mafundi wa viungo bandia, TATCOT. Mwaka 1992 kikaanza kituo kinachowafundisha matabibu kutoka nchi mbalimbali za Afrika magonjwa ya ngozi, kwa kuwa mabingwa wa ngozi walikuwa wa kuhesabika. Chuo cha udaktari chenyewe kilikuja baadaye, 1997. Panda daladala ya KCMC asubuhi: nusu ya abiria wana koti jeupe limekunjwa kwenye mkoba.

Lugha yetu wenyewe haijaamua. Mganga Mkuu wa Wilaya ana digrii na gari la serikali. Mganga wa kienyeji ana kibuyu. Neno ni moja. Kinachowatenganisha hakimo katika neno. Kimo katika daftari analolijaza kila mmoja na mtu anayeruhusiwa kulifungua.

Nilisema hayo yote kwa sauti ya mzee anayejua. Kisha binti akaniuliza swali ambalo sikulitarajia.

"Na daftari lako wewe, mzee, halikuwahi kudanganya?"

Mke wangu akanitazama. Yeye anaijua habari hiyo.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwishoni. Chuo chetu kilitarajia wakaguzi. Wanafunzi wanane walikuwa na pengo katika mahudhurio ya wodini, wiki sita nzima, kwa sababu gari la chuo lilikuwa limekufa na hakuna aliyewapeleka hospitali. Mkuu wangu alikuja masjala jioni, akafunga mlango, akaongea kwa upole. Hakuniamuru. Alisema tu kwamba vijana wale hawana kosa, na chuo kikifungwa watateseka wao. Nikachukua kalamu ile ile ya bluu, nikajaza alama za mahudhurio, wiki sita kwa wanafunzi wanane. Nilihakikisha hata mwandiko unalegea kidogo kuelekea Ijumaa, kama inavyokuwa kawaida. Wakaguzi walikuja, wakasifu masjala.

Miaka mitatu baadaye nilikuwa upande wa Rombo kwenye msiba. Mtoto wa mwenyeji wangu alikuwa akiharisha tangu usiku, macho yameingia ndani. Tukamkimbiza kituo cha afya. Aliyetupokea alikuwa kijana wangu, mmoja wa wale wanane. Alinitambua, akaniamkia kwa furaha, kisha akashika mkono wa mtoto kuutafuta mshipa wa kutundikia dripu. Akachoma mara moja, mbili, nne. Mikono ikaanza kumtetemeka. Nilikuwa nimesimama pale nikihesabu, na kila alipokosa niliona ukurasa. Ile kazi hujifunzwa wodini, tena kwa watoto, tena kwa wiki nyingi, na wiki zenyewe nilikuwa nimeziandika mimi. Muuguzi mmoja mama wa makamo alimsogeza taratibu kwa kiwiko, akautafuta mshipa kichwani, akaupata. Mtoto alipona. Yule kijana alitoka nje, akakaa kwenye ngazi, na mimi sikuwa na neno la kumwambia, kwa kuwa kosa halikuwa lake.

Niliwasimulia vijana hadi mwisho. Mvua ilikuwa imepungua, na yule kijana mrefu alikuwa ameacha kubishana.

Hapo nikawaambia ninachokiamini, na bado nakiamini. Chuo cha tiba hakisimami kwa sababu mwanzilishi wake ana hekima, wala hakianguki kwa sababu ana makosa. Kinasimama pale ambapo daftari lake linaruhusiwa kumkatalia mwanzilishi, mkuu wa chuo na karani pia. Tiba ya kawaida haikuishinda ya Hahnemann kwa kuwa na watu wema zaidi. Ya 1854 ilikuwa inaua, na ilificha. Iliacha kuua pale ilipoanza kuhesabu wafu wake kwa uwazi, ikaacha kutoa watu damu. Kwa homeopathi hesabu imeshafanywa mara nyingi. Baraza la utafiti wa tiba la Australia lilizipitia tafiti na mwaka 2015, miaka miwili baada ya siku ile, likasema halikupata ugonjwa hata mmoja ambao kuna ushahidi wa kutegemewa kwamba homeopathi inautibu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha watu wasiitegemee kwa Ukimwi, kifua kikuu, malaria, wala kuhara kwa watoto. Ni orodha ya magonjwa yetu hiyo. Wilayani Siha iko Kibong'oto, hospitali inayotibu kifua kikuu tangu 1926. Hapana haja ya kumweleza mtu wa huku nini humpata mgonjwa anayeacha vidonge njiani.

Homeopathi haikuwa ngeni mkoani. Watabibu wa fani hiyo, Jeremy na Camilla Sherr, walikuwa na mradi wao, Homeopathy for Health in Africa. Nairobi kulikuwa na Abha Light Foundation inayofundisha fani hiyo. Vijana wangu hawakuwa wa makundi hayo, nami sikuwa na la kusema juu ya watu nisiowafanyia kazi. Niliwaeleza sheria: ile ya mwaka 2002 iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, ambako mtoa huduma husajiliwa, na NACTE, baraza la elimu ya ufundi, ambako wakati ule chuo kiliomba ithibati. Usajili wa mtu si usajili wa chuo, na leseni ya biashara ya manispaa si mojawapo ya hivyo viwili. Waliandika kila kitu.

"Na wewe, mzee wetu, utatusaidia?" binti akauliza.

Niliinuka nikaenda chumbani, nikarudi na kaunta buku mbili mpya.

"Nitawasaidia kwa sharti moja. Katika daftari la kwanza andikeni kila mgonjwa aliyepona. Katika la pili andikeni kila ambaye hakupona, aliyezidiwa, na aliyeacha dawa za hospitali kwa sababu yenu. La pili lijazwe kwanza, kila jioni, na mwanafunzi yeyote aruhusiwe kulisoma. Baada ya mwaka mniletee yote mawili. Hapo nitawaandikia mtaala bure."

Walitazamana. Kijana wa tatu, ambaye hakuwa amesema neno tangu aingie, akanyoosha mkono akachukua kaunta buku moja. Moja tu. Wakashukuru, wakavaa viatu mlangoni, wakashuka na njia ya tope.

Hawakurudi, na wanafunzi wale kumi na mmoja sikuwahi kusikia habari zao. Miaka sita baadaye nilisoma habari ya mwisho ya Hahnemann. Hospitali ya Philadelphia iliyobeba jina lake, iliyokwisha kusahau homeopathi miongo mingi, ilinunuliwa na wafanyabiashara, ikafilisika, ikafungwa mwaka 2019. Madaktari zaidi ya 570 waliokuwa mafunzoni wakatawanywa, na nafasi zao za mafunzo zikapigwa mnada mahakamani hadi dola milioni 55, kabla mnada huo haujakwama. Allentown benki, Philadelphia wawekezaji. Kati ya hapo miaka karibu 180, na mara zote mbili aliyekuwa nje ya mlango na begi lake ni mwanafunzi.

Kaunta buku iliyobaki ilikaa kabatini hadi mwaka jana. Wazee wa mfongo wetu walinichagua katibu. Mfongo, kwa msiojua, ni mfereji wa maji tuliochimbiwa na mababu kutoka mtoni hadi vihambani, mashamba yetu ya nyumbani. Kila ukoo una zamu ya maji, na kila nyumba ina zamu ya kuzibua. Ukoo uliouchimba unaheshimiwa, lakini nao huitwa kuzibua. Asiyefika hutozwa, zamani debe la mbege, siku hizi fedha. Kwa miaka mingi zamu zilikaa vichwani mwa wazee, na ajabu ni kwamba watoro walikuwa daima watoto wa wengine.

Nikaitoa ile kaunta buku, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika juu: Wasiofika. Jumamosi ya kwanza walikuwa wanne. Nimeyaandika majina yao kwa kalamu ya bluu, kwa mpangilio wa nyumba kutoka juu kushuka chini. La pili ni langu. Nilikuwa na mafua.